Simu Imeongea Kiha! Nimeonja App Inventor Kutoka Kasulu Hadi Kibondo

Nianze na hukumu, maana siwezi kuibana hadi mwisho: kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na moyo wako unatamani kutengeneza programu ya simu, weka kando mengine yote ufungue MIT App Inventor. Leo! Usingoje ujichange ununue kompyuta ya bei mbaya. Usingoje nafasi ya chuo Dar es Salaam. Leo hii, hapa hapa Kasulu, kwa kompyuta ya steshenari na bando la siku. Nimeijaribu mjini Kasulu, nimepanda nayo gari hadi Kibondo, nimeiweka mikononi mwa watu wanaouza maharage kila gulio, na nasema kwa kinywa kipana: sijawahi kukutana na chombo kinachomtoa mtu sifuri na kumfikisha mbali hivi kwa kasi hii.

Ni kitu gani hasa?

Ni karakana nzima ya kutengenezea programu za simu, na inafunguka ndani ya kivinjari, Chrome au Firefox, bila malipo yoyote. Ilizaliwa Google mwaka 2010 chini ya Hal Abelson, profesa wa MIT, na Mark Friedman wa Google. Google ilipoamua kuachana nayo mwishoni mwa 2011, MIT wakaichukua na kuifungulia umma Machi 2012. Toleo la pili, ambalo ndilo tunalotumia sasa, lilitoka Desemba 2013. Kwa hiyo si mzaha wa vijana wa juzi. Ina miaka, ina mizizi, na nyuma yake kuna watu waliokaa wakafikiri kwa makini namna mtu asiyejua kitu anavyojifunza.

Siri yake ni hii: huandiki msimbo kwa herufi. Unaunganisha vipande vya rangi. Vya hesabu ni vya bluu, vya mantiki ni vya kijani, vya matukio ni vya rangi ya haradali. Kila kipande kimebeba amri moja, na vinashikana kama meno ya zipu, vikiingiana unasikia "klik!", na kipande kisichofaa mahali hapo kinagoma kushika. Unaelewa maana yake? Yale makosa ya kusahau mabano au nukta-mkato, yanayowakatisha tamaa wanaoanza kabla hawajaona hata matunda ya kwanza, hayapo kabisa. Kinachobaki ni kufikiri. Na kufikiri tunaweza!

Dakika za mwanzo: nilipiga kelele

Unaingia kwa akaunti ya Google, unaupa mradi jina, na mbele yako kuna kurasa mbili. Wa kwanza ni wa sura: katikati umechorwa uso wa simu, na kushoto kuna ghala la viungo vya kila aina. Vitufe, lebo, visanduku vya kuandikia, picha, sauti, kamera, kipima mwendo, GPS, kupiga simu, kutuma meseji. Unakokota kitufe, unakidondosha kwenye simu, basi, kitufe kipo. Ukurasa wa pili ni wa akili: hapo ndipo unapounganisha vipande na kusema "kitufe hiki kikibonyezwa, fanya hivi".

Halafu sasa, uhondo wenyewe! Kwenye simu unashusha programu iitwayo MIT AI2 Companion. Kompyuta inatoa msimbo wa QR, simu inauskani, na kuanzia hapo kila unachokifanya kwenye kompyuta kinatokea kwenye simu papo hapo. Nikabadilisha rangi ya kitufe kwenye kompyuta. Kikabadilika mkononi mwangu. Nikaandika "Karibu Kasulu". Ikaandikika kwenye simu. Hapo ndipo nilipopiga kelele hadi mwenye steshenari akaacha fotokopi zake akaja kuangalia. Hakuna kusubiri, hakuna kuambiwa utaelewa baadaye. Unafanya, unaona.

Sharti lake ni kompyuta na simu kuwa kwenye mtandao mmoja. Kwetu hilo linatatulika kirahisi: simu ya rafiki inawasha hotspoti, kompyuta inaingia, simu ya majaribio inaingia, kazi inaendelea. Mtandao ukianza kusuasua kuna njia ya kebo ya USB, mradi kompyuta imewekewa programu ndogo iitwayo aiStarter. Na umeme? Kwa miaka mingi miji hii ya juu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli; siku hizi gridi ya taifa imefika. Kijana wa Kibondo anayekaa kwenye kompyuta leo ana ahueni ambayo kaka zake hawakuwa nayo.

Paka kwanza, kisha gunia

Somo la kwanza maarufu la App Inventor linaitwa HelloPurr: picha ya paka, ukimgusa analia. Lifanye, ni tamu, na linakufundisha tukio na jibu lake kwa mkupuo mmoja. Lakini likiisha, nakusihi, usiende kwenye somo la pili la mtu mwingine. Nenda sokoni kwako. Hapo ndipo chombo hiki kilipoacha kuwa mchezo mbele ya macho yangu kikawa jambo zito.

Mimi nilichagua lumbesa. Kila mkulima wa nyanda hizi anaijua: gunia linalopaswa kuishia kilo 100 linashindiliwa, linashonewa kilemba juu, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita, sheria inaikataza, na bado inatembea. Basi nikatengeneza programu nikaiita Gunia. Ina visanduku viwili, kimoja cha kilo zilizosomwa kwenye mizani, kingine cha bei ya kilo moja. Ina kitufe kimoja na lebo mbili za majibu. Ndiyo hiyo tu!

Tazama akili yake inavyojengwa. Kipande cha tukio: kitufe kikibonyezwa. Ndani yake kipande cha bluu: kilo mara bei, jibu liende lebo ya kwanza. Kisha kipande cha "kama": kama kilo zimezidi 100, toa 100, zidisha kinachobaki kwa bei, peleka lebo ya pili, na igeuze iwe nyekundu. Chukua mfano wa mizani iliyosoma kilo 118 na bei ya shilingi 2,000 kwa kilo. Lebo ya kwanza inasema shilingi 236,000. Ya pili inawaka nyekundu: shilingi 36,000. Hicho ndicho ambacho mkulima angekiacha kwenye kilemba cha gunia lile. Hesabu hii kila mmoja anaiweza kwa karatasi, lakini nani anaishika karatasi katikati ya kelele za gulio, mnunuzi ameshaanza kuhesabu noti?

Nikaongeza kiungo kiitwacho TinyDB, kinachotunza kumbukumbu ndani ya simu yenyewe. Sasa programu inaikumbuka bei ya mwisho, na yote hayo hayahitaji mtandao hata kidogo. Ukishaisakinisha, nenda nayo bondeni mpaka mnara upotee kabisa. Itapiga hesabu vilevile.

Kibondo: pale simu ilipopata ulimi

Ukimaliza kuunganisha, unaiagiza karakana ijenge programu, nayo inakupa faili la APK. La kwangu ni la megabaiti chache tu. Unalirusha kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, huyo mwingine anairuhusu simu yake kusakinisha programu iliyotoka nje ya duka la Google, kazi imekwisha. Programu imehama bila bando! Nikaichukua, nikafuata barabara ya Kibondo.

Pale sokoni nilimsalimia mama mmoja muuza maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo simu nayo inapima?"

"Mizani ndiyo inayopima, mama. Simu inakuonyesha pesa yako."

Akaishika mwenyewe. Akaandika kilo, akaandika bei, akabonyeza. Nyekundu ikawaka. Akaitazama, akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Hizi zote nilikuwa nazitoa sadaka?" Wenzake wakasogea, kila mmoja anataka kuandika kilo zake. Jamani, niambieni ni kifaa gani kingine ambacho mwanagenzi anaweza kukitengeneza na kikakusanya umati wa namna ile!

Kisha bibi mmoja akasema yeye herufi za kwenye simu hazioni vizuri. Nami nikajua kazi bado. App Inventor ina kiungo cha kusoma maandishi kwa sauti. Ukikipa Kiswahili, kwenye simu niliyotumia kinasoma jibu vizuri tu. Lakini bibi anataka Kiha, lugha ya hapa, na kwenye orodha ya lugha za simu yangu Kiha hakimo. Je, tusubiri mpaka kampuni kubwa zikumbuke vilima vya kwetu? Hapana! Kuna kiungo cha kucheza sauti yoyote uliyoirekodi. Tukarekodi sentensi tatu za Kiha kwa simu hiyo hiyo, kwa sauti ya mtu wa hapo hapo: gunia liko sawa, gunia limezidi, pima tena. Nikazipandisha kwenye mradi, nikakipa kila jibu sauti yake, nikajenga upya. Bibi akabonyeza, na simu ikamjibu kwa Kiha!

Sijui nilieleze vipi jambo hili likaeleweka uzito wake. Simu zimefika milimani kwetu zikiongea lugha za watu wengine, zikipima kwa vipimo vya watu wengine, zikiuliza maswali ya watu wengine. Na hapa, mtu asiye na shahada wala kompyuta yake mwenyewe ameifanya simu ihesabu gunia la hapa na iseme lugha ya hapa. Kiha na Kirundi ni lugha za tawi moja, watu wake husikilizana. Sentensi zile tatu zinaweza kueleweka hata na Mrundi. Sauti tatu tu, zimerekodiwa uani!

Wengine walipofikia

Usidhani mwanzo mdogo unaishia padogo. Kuna mashindano ya Technovation, yanayowafundisha wasichana wa dunia nzima kutengeneza programu, na App Inventor imekuwa mojawapo ya vyombo vyake vikuu. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls nchini Kenya, waliojiita The Restorers, walifika fainali zake Marekani na programu yao ya I-Cut, ya kuwasaidia wasichana wanaotishiwa kukeketwa. Sura yake ilikuwa vitufe vitano: kuomba msaada, kuokolewa, kutoa taarifa, kupata habari, kuchangia. Vitufe vitano! Mwaka 2019 wakaorodheshwa kuwania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Na hapa nyumbani shirika la Apps and Girls, lililoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013, limekuwa likiwafundisha wasichana wa Tanzania kazi hii hii.

Tazama pia PlantVillage Nuru. Hiyo haikutengenezwa kwa App Inventor, ni kazi ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, lakini kila anayeanza huku kwenye muhogo wetu anapaswa kuiona. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia, na inafanya hivyo bila intaneti, kwenye simu ya kawaida. Utafiti ulioizaa ulifunza kompyuta kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, nje ya Bagamoyo. Majani ya Tanzania ndiyo yaliyokuwa walimu!

Na hapa roho yangu inaruka kabisa: App Inventor nayo ina nyongeza ya kutambua picha, inayoitwa Personal Image Classifier. Unaipa picha za kundi hili na za kundi lile, inajifunza, kisha unaitia kwenye programu yako. Maabara ya akili bandia ya Makerere, Uganda, ilishatoa hadharani mwaka 2020 mkusanyo wa picha za majani ya maharage, mazima na yenye ugonjwa. Maharage! Zao la Kasulu na Kibondo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuanza na kutofautisha jani lenye kutu na jani zima, akajionea mwenyewe mashine inavyofunzwa na inavyokosea ikipewa picha chache. Isitoe ushauri wa dawa, hilo ni la bwana shamba. Lakini kwa kujifunza, hakuna darasa tamu kuliko hilo.

Inapokwama

Naipenda, na kwa sababu naipenda nakuambia yote. Kutengeneza kunahitaji intaneti muda wote, hata kama programu yenyewe itaishi bila intaneti. Maneno ya kwenye vipande niliyasoma kwa Kiingereza, ingawa viungo vyako unavipa majina unayotaka: changu kinaitwa KitufePigaHesabu, na kinanisaidia sana kukumbuka. Skrini ya simu ni ndogo mno kwa kupangia vipande, hivyo kompyuta lazima uipate, hata ya kuazima. Mradi ukikua sana, vipande vinajaa ukurasa na kukifuata kimoja kunachosha macho. Na kila ukiondoka kwenye kompyuta ya watu, shusha faili la mradi, lenye mwisho wa AIA, ulitunze kwenye flashi yako.

Ukitaka kuingia duka la Google, andaa dola 25 za Marekani, zinazolipwa mara moja tu. Pia, kwa akaunti mpya ya mtu binafsi, programu inatakiwa ifanyiwe majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa kwenda hadharani. Kwetu hilo lina wepesi wake: kwaya moja ya hapa Kasulu ina watu zaidi ya hao! Kwa iPhone, uanachama wa Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa anayeanza huku, hilo liache kwanza.

Kwa nini si Android Studio moja kwa moja?

Android Studio ndiyo karakana rasmi ya Google, nayo ni kubwa kwa kila maana. Inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 kwa uchache, kuishusha kunameza bando, na kabla hujaona kitufe cha kwanza umeshakutana na mafaili ambayo hujui yanafanya nini. Kotlin, lugha ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, ni nzuri. Flutter, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018, ni nzuri pia. Utazifikia! Lakini fika ukiwa tayari unajua tukio ni nini, hali ya "kama" inafanyaje kazi, orodha hutunzwaje, na kazi inayojirudia inafungwaje mahali pamoja. Yote hayo App Inventor inakupa, na dhana hizo hazibadiliki unapohamia kwenye herufi. Hakuna kinachopotea.

Hukumu

Nyota tano kwa anayeanza, na ningekuwa na ya sita ningeitoa. Ichukue kama wewe ni mwanafunzi, mkulima mwenye simu janja, fundi simu mwenye kiu ya kwenda mbele, au katibu wa kikundi cha wafuga nyuki anayetaka kuhesabu mizinga. Siku ya kwanza mlize paka. Ya pili tengeneza kikokotoo cha kitu kimoja kinachopimwa kwenu: debe, gunia, lita ya asali, tripu ya mchanga. Ya tatu mpe mtu mwingine aishike, ukae kimya, uangalie kidole chake kinakwama wapi, kisha rekebisha hapo. Ya nne itie sauti ya kwenu.

Na wewe mwalimu wa sekondari, Kasulu au Kibondo, mwenye funguo za chumba cha kompyuta: nakuomba kwa heshima zote, kifungue Jumamosi. Huhitaji kuwa mtaalamu. Lete hotspoti moja, simu moja ya majaribio, na swali moja kutoka sokoni. Wanafunzi wako wakutangulie ikibidi, uwafuate nyuma ukiwauliza "kwa nini". Watoto hawa wanajua gunia, wanajua muhogo, wanajua Kiha; mambo ambayo hakuna mtengeneza programu wa California anayeyajua. Walichokosa ni chombo tu, na chombo kipo, ni cha bure, na kinafanya kazi. Nimekiona kwa macho yangu!